Kapu la Bibi Mwalimu: Ming'oko imerudi nyumbani haijaguswa

Mwezi huu barua zilizoingia kapuni karibu zote zinahusu matumbo ya watoto wa shule. Nyingi zimekuja kwa ujumbe wa simu. Moja imeandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi ya hesabu, na ile hesabu yenyewe, samahani mjukuu wangu, umekosa. Kwa wasomaji wageni: mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Mikindani. Nimefundisha shule za msingi miaka 31, na miaka tisa kati ya hiyo nilikabidhiwa funguo za stoo ya chakula cha shule, kazi ambayo hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka. Udaktari sijasomea. Mtoto anayekonda, anayevimba miguu au aliyepauka viganja kwa kupungukiwa damu, mpelekeni zahanati, msinisubiri mimi.

*Shikamoo Bibi Mwalimu. Nina kijana wa darasa la tatu, tunakaa Chikongola. Asubuhi hataki uji, anasema atachelewa. Nikimfungia ming'oko au mihogo ya kuchemsha kwenye kontena, jioni linarudi kama lilivyokwenda. Anataka mia tano kila siku, nikimnyima analia mpaka majirani wanatoka nje. Juzi dada yake kaniambia wenzake wanamwita "mtoto wa porini" kwa ajili ya ming'oko. Mimi nauza samaki feri, natoka alfajiri. Nifanyeje? – Mama wa watatu, Mtwara*

Marahaba, mama. Ungeanza barua yako na hayo maneno ya binti yako, maana ugonjwa uko hapo. Kinachomkimbiza mwanao ni kuchekwa. Ming'oko yenyewe, hiyo mizizi yetu ya porini, haina kesi.

Nilianza darasa la kwanza mwaka 1965. Tulikwenda na mihogo imefungwa kwenye jani la mgomba, na hakuna aliyemcheka mwenzake kwa sababu sote tulibeba hiyo hiyo. Leo mmoja anafungua pakiti ya krispi inayong'aa, mwenzake anafungua kontena lenye ming'oko na maganda yake na kamchanga kadogo kalikosalia. Watoto wana macho. Wanaona mara moja nani wa juu na nani wa chini.

Ila hebu tujiulize wamejifunzia wapi. Tusikilize sisi wakubwa tunavyosema jioni: "Leo tule mihogo tu." Hiyo "tu" mtoto anaibeba mpaka shuleni. Sijawahi kumsikia mtu akisema "leo tule chipsi tu". Akija mgeni kutoka Dar es Salaam tunaficha sufuria, tunamtuma mtoto dukani akalete soda na biskuti. Mimi yamenikuta. Nilimwekea mgeni wangu soda na keki, naye akatazama huku na huku akauliza, "Jamani, ming'oko hamna? Nimeiota tangu Kibiti." Ilikuwa jikoni, chini ya kawa. Wajukuu zangu walikuwa wamekaa pale wanasikia, na sijui nimewafundisha nini siku ile.

Kwa hiyo la kwanza, mama, ondoa "tu" katika nyumba yako. La pili, ivalishe nguo hiyo ming'oko. Umeshawahi kuona pale getini? Mihogo ile ile ikikaangwa, ikapasuliwa katikati, ikatiwa chumvi na pilipili, watoto wanasukumana. Kwa hiyo mihogo wanaipenda. Usiku menya ming'oko yako, ikate vipande vya kutosha mkononi, nyunyizia ndimu, chumvi kidogo na pilipili kwa kadiri anavyoweza. Na wewe una bahati ambayo wenzako wa bara wanaililia: unauza samaki. Wale dagaa na vibua vidogo vinavyobaki mwisho wa soko, wakaushe vizuri kwenye kikaango bila mafuta mengi, wakatike katike, uwachanganye humo. Ming'oko na mihogo ni wanga, inatia nguvu lakini haijengi mwili. Dagaa anayeliwa na mifupa yake ndiye anayeleta protini na madini ya mifupa na meno. Hakuna dagaa leo? Karanga za kukaanga konzi moja, au korosho zile zilizovunjika ambazo bei yake ni nafuu kuliko nzima. Iliyovunjika na nzima, tumbo halijui tofauti.

La tatu, na hili nimeliona likifanya kazi kwa macho yangu: mfungie ya watu wawili. Mwambie, "Hiki cha kwako, hiki cha rafiki yako." Mtoto anayegawa hachekwi. Ukiwa na rafiki mmoja anayetafuna pamoja nawe, hilo jina la porini halidumu wiki mbili. Na mwalimu wa darasa mwone pia, umweleze kwa upole. Walimu wengi hatusikii yanayosemwa wakati wa mapumziko kwa sababu na sisi tuko ofisini tunakunywa chai.

Sasa hiyo mia tano. Niliwahi kuliambia darasa langu liandike kila mtu alichonunua siku hiyo. Nilipata barafu, pipi, ubuyu wa rangi, juisi ya unga kwenye mfuko, andazi, tena barafu, na mmoja akaandika "nimemkopesha Hamisi". Andazi tu ndilo lililokuwa chakula. Sikushauri umkatie hela ghafla, atatafuta njia nyingine, na njia nyingine za mtoto mwenye hamu si nzuri. Patana naye. Kontena likirudi tupu Jumatatu mpaka Alhamisi, Ijumaa anapata hela yake na ananunua anachotaka, hata hiyo barafu, na wewe usiulize. Hela inayobaki mwonyeshe inakwenda wapi. Mwanangu mmoja alinunuliwa mpira kwa hela ya barafu na mpaka leo anasimulia.

Uji wa asubuhi: hataki kwa kuwa ni wa moto na muda hana. Ukitoka alfajiri uwe umeupika, utie kwenye chupa ya chai, dada yake ammiminie kwenye kikombe dakika kumi kabla hajanawa uso. Unga wa mtama au mahindi, karanga zilizotwangwa, ndimu kidogo ya kuchangamsha. Siku isiyo na uji, kiazi kitamu cha jana kinatosha. Chai ya rangi peke yake si kifungua kinywa. Ni maji ya moto yenye sukari. Na ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage. Afadhali inywewe saa moja baadaye. Ndimu, embe na chungwa hufanya kinyume chake, huyavuta hayo madini yaingie.

Nakuambia haya ya asubuhi kwa sababu nina deni. Miaka ya tisini nilikuwa na binti wa darasa la nne aliyesinzia kila siku kipindi cha tatu. Nilimsimamisha mbele ya darasa siku nne mfululizo. Siku ya tano alianguka. Nilipombeba niliona hana uzito, na bibi yake alipokuja akasema tangu jana yake mchana mtoto alikuwa amekunywa chai kavu basi. Kuanzia hapo mtoto akisinzia nilimuuliza kwanza, "Umekula nini?" Ndivyo nilivyoishia na zile funguo za stoo.

*Shikamoo mwalimu wangu. Mimi pia ni mwalimu, Tandahimba, nimepewa masuala ya lishe shuleni. Uji tunapika siku mbili kwa wiki, siku nyingine watoto wanashinda njaa mpaka saa nane na nusu. Kikao cha wazazi kiliisha kwa kelele. Wanasema elimu ni bure, chakula cha nini tena. Wengine wana mikorosho mingi tu. – Mwalimu wa zamu*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Hilo la "elimu ni bure" nalijua tangu Januari 2016, ada na michango ilipoondolewa. Serikali iliondoa ada, wazazi wakasikia mpaka chakula. Usiwalaumu sana, maana hata sisi walimu wakati ule tulikuwa tunaulizana. Chakula kimebaki kwa makubaliano ya wazazi wenyewe, na mtoto ambaye mzazi wake hajachanga hafukuzwi darasani wala haondolewi kwenye foleni ya uji. Hilo ukilivunja mara moja, umepoteza kijiji.

Nenda kwenye kikao kijacho na kipimo cha debe, uache hotuba ofisini. Sisi tulipiga hesabu hivi: mwaka una siku 194 za masomo. Mtoto mmoja tukimwekea gramu 120 za mahindi na gramu 30 za jamii ya kunde kwa siku, kwa mwaka mzima anakula kilo 23 na ushee za mahindi na kilo sita kasoro za kunde. Yaani debe moja na ushee la mahindi na kunde kidogo, basi. Mzee mmoja aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote alinyamaza, akaangalia lile debe, akasema, "Hiyo tu? Mbuzi wangu anakula zaidi."

Kisha angalia kalenda ya kwenu, si ya ofisini. Kikao chenu mlikifanya lini? Nabashiri Februari. Februari kule uwandani hakuna mtu ana kitu. Mahindi yako shambani mabichi, hela ya korosho ilishaliwa, na watu wanahesabu mihogo iliyobaki. Ukimwomba mtu Februari lazima akutukane. Mahindi yaombe Juni na Julai yakiwa uani. Mbaazi ziombe Agosti. Na fedha ya mafuta, chumvi na mpishi iombe korosho zikishapigwa mnada, malipo yakiingia kupitia chama cha msingi. Msimu wa 2024 minada ilipofunguliwa, bei ya korosho ghafi ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Kilo mbili za korosho kwa mtoto kwa mwaka, nani mwenye mikorosho atasema hana? Lakini kubalianeni mapema, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, kabla hela haijaonekana. Ikishaonekana ina pikipiki na bati za watu wengine.

Nikuambie na kisichosemwa kwenye vikao. Wazazi wengi si wachoyo, wanaogopa stoo. Shule moja niliyofundisha, mwaka mmoja magunia matano yaliondoka na mpaka leo hakuna aliyesema yalikokwenda. Mwaka uliofuata walichanga nusu, na walikuwa na haki. Nilipochukua funguo nilifanya mambo mawili. Funguo zilikuwa mbili, moja kwangu na moja kwa mama mmoja wa kijijini asiye mtumishi wa shule, stoo haifunguki bila sisi wote. Na kila Ijumaa niliandika kwa chaki nyeupe ukutani, nje, kilichoingia, kilichopikwa na kilichobaki. Kuna wazee wasiojua kusoma walikuja na wajukuu wawasomee. Michango ilirudi.

Mahindi yakaushwe kweli kweli, ukiyauma yakatike kwa mlio, yahifadhiwe juu ya chanja au kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Punje zenye ukungu usiwapikie watoto, usiwape kuku, tupa. Karanga vilevile. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Chumvi pia itazame. Huku kusini chumvi tunaivuna wenyewe pwani, na nyingi inafika jikoni haijatiwa madini joto. Mtoto akikosa madini joto ni zaidi ya rovu la shingoni, na kichwa kinakuwa kizito kwenye masomo. Nunueni iliyoandikwa kwenye pakiti kuwa ina madini joto, muiweke kwenye chombo chenye kifuniko, muitie chakula kikikaribia kuiva.

Na mabibo! Oktoba watoto wanapita chini ya mikorosho mabibo yamelala mekundu na manjano, wakubwa wanayawaza kwa pombe ya uraka tu. Bibo lina vitamini C mara nne au tano ya chungwa. Linaharibika kwa siku moja, ndiyo maana halifiki sokoni, lakini shule yako iko katikati ya mikorosho, soko la nini? Ukakasi unaowakera kooni unapungua ukiyachemsha dakika chache kwenye maji yenye chumvi, kisha unakamua juisi au unakatia vipande. Waambie watoto wasing'ate korosho mbichi yenye ganda, yale mafuta yanababua midomo. Na sare, hapo sina dawa. Doa la bibo litazikwa na shati.

*Bibi, mwanangu ana miaka tisa na ana kilo 48. Mama yangu anasema ndiyo afya, tusimwandame. Anapenda soda, kila jioni nikitoka kazini namletea moja. Napenda kumfurahisha. – Baba, Lindi mjini*

Baba, mtoto wa umri huo kwa kawaida ana kilo kama 28. Mpeleke apimwe urefu na uzito pamoja, maana uzito peke yake hausemi yote, na usimpe dawa yoyote ya kupunguza wala kumlaza njaa. Mtoto anakua, hafungi diet kama bibi harusi.

Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai. Chukua bakuli, vihesabu mbele ya mama yako, uone kama ataendelea kusema ndiyo afya. Juisi za unga usizikimbilie, ni ndugu yake soda. Ukitoka kazini leta dafu, au machungwa matatu, au nenda mikono mitupu umchukue mkatembee pwani mpaka magharibi. Nina hakika anachosubiri mlangoni ni wewe, soda imedandia tu.

*Bibi Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni bibi kama wewe, Nanyamba. Nalea wajukuu wanne wanaosoma. Mvua haikuwa nzuri, tunakula ugali wa makopa asubuhi na jioni. Kuna mtu alisema mihogo yetu michungu inalemaza watoto. Ni kweli au ni maneno?*

Waaleikum salaam, dada yangu. Ni kweli, na nimefurahi umeuliza kabla mvua haijaharibika zaidi.

Mihogo michungu ina sumu ya sianidi. Mwaka wa ukame uchungu unazidi, na ndio mwaka ambao watu wenye njaa wanafupisha safari: wanamenya, wanaanika siku mbili, wanatwanga, wanapika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji vya mkoa wetu vilipata watoto na akina mama waliolala wazima, wakaamka miguu yote miwili imekakamaa. Wataalamu wanaiita konzo. Haiui, lakini miguu hairudi, na hospitali haina dawa ya kuirudisha. Wanaoumia zaidi ni wale wanaokula muhogo mtupu bila kunde, samaki wala yai, kwa sababu mwili unahitaji protini ili kuitoa ile sumu.

Kwa hiyo, muhogo mchungu umenye, uloweke siku tatu mpaka ulainike, ndipo uanike ukauke kabisa. Kuanika peke yake hakutoshi. Na kama unga umeshasagwa, au umenunua na hujui ulitengenezwaje, kuna njia ambayo haihitaji hata kuni. Tia unga kwenye bakuli, weka alama ulipofikia. Mimina maji kidogo kidogo huku unakoroga. Utaona unga unashuka, halafu unapanda tena. Ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze huo unga mbichi kwenye mkeka safi, unene usizidi ncha ya kidole chako cha mwisho, yaani sentimita moja. Juani kwa muda wa saa mbili, kivulini kwa muda wa saa tano. Sumu inapaa na hewa. Kisha songa ugali wako siku hiyo hiyo. Ladha inakuwa nzuri hata zaidi, mwenyewe utasema.

Kisamvu nacho kitwange vizuri na ukichemshe sana bila kufunika sufuria. Wajukuu wanne ni wengi, najua, na sitakuambia ununue nyama. Kunde, mbaazi, njugu mawe, choroko, chochote cha jamii hiyo kikombe kimoja kwenye sufuria kila siku, na dagaa ukiwapata. Ukiwa na nafasi ya kupanda, omba mbegu ya mihogo mitamu kwa afisa ugani. Watafiti wa kilimo wa Naliendele hawako mbali nanyi.

*Shikamoo bibi. Mimi nasoma darasa la tano Kilwa Masoko. Mwalimu alisema tule mayai. Mama anasema mtoto akila mayai anakuwa mwizi. Tuna kuku saba. Na filigisi anakula baba peke yake. Nani mkweli?*

Marahaba, mjukuu wangu. Hii ndiyo ile barua ya penseli. Saba mara nane ni 56.

Mama yako hasemi uongo, anasema alichoambiwa, na aliyemwambia aliambiwa na bibi yake. Mimi pia niliambiwa. Nadhani wazee walikuwa wanalinda viota: mtoto akionja yai leo, kesho anakwenda kumfukuza kuku anayelalia, na mwaka huo nyumba haipati vifaranga. Basi wakatafuta neno la kutisha, wakapata "mwizi". Ulinzi wa kuku, hakuna zaidi. Nimekula mayai miaka mingi na kitu pekee nilichoiba ni chaki.

Yai moja lina karibu gramu sita za protini, na lina vitamini A inayosaidia macho yaone jioni. Kwa mtoto wa darasa la tano anayerefuka, mayai mawili matatu kwa wiki yanafaa sana. Liive vizuri, kiini kiwe kigumu.

Lakini usiende kumwambia mama, "Bibi Mwalimu kasema umekosea." Fanya hivi. Mwombe akupe kuku mmoja awe wako. Wewe umlishe, umfagilie banda, umtie maji. Kila akitaga mayai manne, matatu mpe mama auze au alalishe, moja ombea ruhusa ulichemshe. Kama una mdogo wako, mgawie nusu. Mama akiona hakuna kilichopotea nyumbani, hilo la wizi litajifia lenyewe.

Filigisi mwachie baba kwanza. Huyo nitamwandikia mwenyewe.